Kituo cha Habari Mbaya

Jumatatu, 3 Machi

Nimefeli huruma. Tena.

Vingine vyote vya mtihani wa leseni nimefaulu: moyo, kifua, dawa, sheria zao, hata kile kituo cha kunawa mikono, ambapo mtu mzima na akili zake anasimama kukutazama unavyosugua vidole. Nimeanguka palepale pa mara ya kwanza — kituo cha habari mbaya. Unaingia chumbani, mwigizaji amekaa, unamwambia ana saratani, na mtahini pembeni anaipima huruma yako kwa alama. Wameniandikia kwamba maelezo yangu yalikuwa sahihi lakini sikumpa mgonjwa nafasi ya kueleza hisia zake. Hisia gani? Mtu mzima wa afya, ameajiriwa kulia.

Mara ya kwanza nilikosea kwa njia ya kwetu. Kwetu habari ya namna ile haiangushwi juu ya kichwa cha mtu mmoja. Unauliza: umekuja na nani? Unamsubiri kaka mkubwa, shangazi, mtu wa kuishika ile habari upande wa pili, kama watu wanavyosaidiana kubeba kabati. Basi nikamwambia mwigizaji sisemi neno mpaka aje mtu wake. Naye hana mtu, masikini. Mtu wake hakuandikwa kwenye karatasi. Tukakaa tunatazamana hadi kengele ikalia.

Mara ya pili nikasema nitawapa wanachotaka. Sentensi moja, basi. Yule mama akalia vizuri sana. Nikamwambia pole, sasa tuzungumzie matibabu. Sifuri.

Imebaki mara moja tu, tarehe 28 mwezi huu. Nikianguka, mlango umefungwa moja kwa moja, na miaka ishirini na miwili ya kutibu vifua inakuwa hadithi ya kuwasimulia wasukuma vitanda wenzangu. Maana ndiyo kazi yangu sasa. Nasukuma vitanda.

Jumanne, 4 Machi

Wodini. Sare yangu ni ya kijivu. Wauguzi, buluu. Madaktari hawana sare — wana sauti. Mdogo wangu ni muuguzi wodi hiyohiyo. Ndiye aliyenitafutia kazi. Leo nilichelewa kidogo kuondoka mbele ya kompyuta yenye eksirei ya mtu. Akapita nyuma yangu na sinia ya dawa.

"Dada," akasema bila kugeuka, "kitanda hakijisukumi."

Ana haki ya kuogopa. Mwaka jana mmoja wetu, daktari mgeni kama mimi, alimsomea jirani yake majibu ya kipimo, kwa wema tu. Jirani akamsifu mbele za watu. Akaitwa, akaambiwa ametoa huduma ya udaktari bila leseni, akafutwa kwenye mtihani maisha. Siku hizi anauza viatu. Ukimwambia kisigino kinauma, anakujibu nenda hospitali.

Daktari wa wodi namwita Kijana wa Sauti Laini. Ana umri wa wanafunzi wangu wa mwisho kule nyumbani. Leo aliniuliza polepole, kwa ishara za mikono, kama naelewa neno "lifti". Nikamwambia naelewa. Na "emfisema" naelewa pia. Akacheka kwa upole. Alidhani nimelikariri kwenye bango la ukutani la magonjwa ya mapafu.

Alhamisi, 6 Machi

Chumba cha nyuma cha maktaba. Tunakutana hapo kila Alhamisi baada ya kazi, madaktari wageni tulioanguka, kufanyishwa mazoezi ya kile kituo. Anayetufundisha ni mwigizaji mzee wa hapahapa, mstaafu wa jukwaa, anayecheza mgonjwa katika mafunzo ya madaktari. Tunamwita Marehemu kwa sababu amekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote tunayemjua. Mwenyewe analipenda jina. Anaringa kweli: skafu ndani ya nyumba, ndevu nyeupe zilizochanwa hadi kifuani, kikohozi cha mpangilio. Wiki hizi sauti yake inakwaruza. Anasema imebakia kutoka kwa mgonjwa wa koo aliyemcheza juzijuzi.

Hatukumaliza hata zoezi moja bila kugombana.

"Daktari" — ndiye peke yake mji huu mzima anayeniita hivyo — "umeniambia nitulie. Kwani nimeruka?"

"Nilikuwa nakupa moyo."

"Ulinipa amri. Anza upya. Sogeza kiti. Niulize najua nini. Onya kidogo kabla hujapiga: nasikitika, majibu si mazuri kama tulivyotarajia. Halafu nyamaza. Nyamaza, Daktari, usikague saa."

Nikamwambia huo ni mchezo wa kuigiza. Akasema ndiyo, hasa; mgonjwa hana habari kama roho yako inauma kweli, anaona tu kama kiti umekisogeza. Nikamwambia ustaarabu unaofikiri hivyo umeoza. Akasema labda, lakini kiti bado kiko mbali.

Jumapili, 9 Machi

Makala yangu dhidi ya mtihani. Jarida la chama chetu cha madaktari wageni linaisubiri tangu Januari. Leo zimetoka kurasa tatu zinazowaka. Kwamba hawapimi huruma, wanapima lafudhi ya huruma. Kwamba nchi inayotuita kwa sababu wagonjwa wake wamejaa foleni, kisha ikatuweka tusukume vitanda mpaka tujue kuinamisha kichwa kwa pembe inayotakiwa, haitafuti madaktari. Inatafuta kioo cha kujitazama.

Nimemsomea mdogo wangu akipiga pasi.

"Kali," akasema. "Inatoka kabla ya mtihani au baada?"

"Kabla."

"Dada, wewe unaweza kugombana hata na mlango ulio wazi."

Tukacheka. Ana miaka kumi na moja hapa. Anacheka wao wanapocheka, hata kabla kichekesho hakijafika mwisho, na mimi kwa muda mrefu nimemhesabu kuwa amejiuza. Leo nimeitazama mikono yake juu ya pasi. Labda amechoka tu kuwa mgeni kila asubuhi.

Binti yake akakubali kuwa mgonjwa wangu pale sebuleni. Nikasogeza kiti. Nikainamisha kichwa.

"Mama mkubwa," akasema, "ukifanya hivyo unanitisha kuliko huo ugonjwa."

Alhamisi, 13 Machi

Naandika haraka.

Maktabani hita ilikwama kwenye joto la mwisho, na madirisha ya chumba kile hayafunguki. Sote tukalowa. Ilikuwa zamu yangu, na Marehemu alicheza mtu aliyeletewa majibu mabaya ya ini. Nikasogeza kiti, magoti yetu karibu yagusane. Nikaliona paji lake la uso. Upande wa kulia, matone ya jasho. Upande wa kushoto, pakavu. Mpaka umepita katikati kabisa, kama umepigwa rula.

Nikatazama macho. Kope la kushoto limeshuka — siku zote nilidhani ni maringo, ule utazamaji wake wa kufumba nusu. Mboni ya kushoto ni ndogo kuliko ya kulia. Mkono wa kushoto umelala juu ya goti: ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada imebonyea. Na lile bega analolalamikia, analaumu godoro. Na sauti.

Mtu anaweza kuigiza kikohozi. Machozi pia. Jasho la nusu uso haliigiziki. Kuna kitu kimeota kileleni mwa pafu lake la kushoto, kinabana mishipa ya fahamu inayopanda usoni. Nimewatibu watu wa namna hii. Karibu wote walikuja wamechelewa.

Nikanyamaza. Nikanyamaza hadi wenzangu wakaanza kujikuna.

"Kimya kizuri," akasema. "Ila sasa kimezidi, Daktari. Umeganda."

Sitamwita tena Marehemu.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimpigia simu asubuhi. Kirafiki tu: Mzee, hiyo sauti ukaionyeshe. Akasema ameshakwenda. Wamempa dawa ya koo na kumwambia apunguze kuongea. Akacheka sana hapo pa kupunguza kuongea.

Nikamwambia mdogo wangu kwenye stoo ya mashuka, mahali pekee wodini pasipo na masikio. Akauegemea mlango kwa mgongo.

"Una uhakika?"

"Kama ninavyokujua wewe."

"Basi subiri. Mtihani ni wiki mbili tu. Ukishapata leseni utamwambia kwa kinywa kipana. Kama kipo, kimekaa miezi. Wiki mbili kitu gani?"

"Na kama ni wiki mbili hizohizo zinazohitajika?"

"Na akienda kusema ni wewe uliyegundua? Yule mzee anapenda kusimulia, dada. Atasimulia kwa mikono yote miwili."

Ni kweli. Atasimulia.

Jumapili, 16 Machi

Sijagusa makala. Nimefua vilivyo safi. Nimezunguka mtaa, nimerudi, nimezunguka tena. Kila ninayepishana naye namtazama mboni.

Kurasa tatu nzima nimewatukana kwa kuithamini karatasi kuliko mtu. Sasa karatasi ni yangu, na mtu ni wangu. Nimekaa kimya kama wao. Vizuri kuliko wao, hata.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwambia.

Nilifika kabla ya wenzangu. Alikuwa anapanga viti kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haukamati. Nikasogeza kiti — sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Nikamuuliza lile bega analionaje. Godoro. Na sauti? Uzee. Nikamwambia nimeona jambo usoni mwake, na nasikitika, sidhani kama ni dogo. Nikanyamaza. Akanitazama tu. Nikamwambia nafikiri ana uvimbe kifuani, juu, upande wa kushoto. Kesho asubuhi aende dharura, adai picha ya kifua, asikubali tena kupewa dawa ya koo. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka. Nikaushika mkono wake, ule uliobonyea.

Machozi yakamjaa. Halafu akapiga makofi.

"Hapo!" Akasimama kabisa. "Wiki zote hizi nakudai hicho, Daktari. Huo mtetemo wa sauti usiuondoe. Mkono umeushika mapema kidogo, lakini sikukati alama. Na hilo la kutumia bega langu la kweli, sauti yangu ya kweli — ujanja mtupu."

"Mzee, sifanyi mazoezi."

"Ndiyo. Uonekane hivyohivyo."

Wenzangu wakaingia. Akawasimulia. Wakanipa mkono wa pongezi, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikaupokea.

Ijumaa, 21 Machi

Nimefaulu huruma. Mgonjwa hajui kama anaumwa.

Jumamosi, 22 Machi

Maktaba ina ghorofa nne. Nilimwita nikamwambia nahitaji msaada wake kwa zoezi moja dogo. Akaja na skafu. Nikampitisha ngazini. Ghorofa ya kwanza alinitania. Ya pili akanilaumu. Ya tatu hakusema kitu. Juu kabisa nikamkalisha kwenye ngazi, nikampa tishu mbili: hii jifute upande wa kulia, hii wa kushoto.

Akajifuta. Ya kulia ililowa, ikakatikia mkononi. Ya kushoto ilirudi kama ilivyotoka kwenye pakiti.

Akazigeuza. Akazigeuza tena.

"Hii haimo kwenye karatasi ya zoezi," akasema.

"Haimo."

"Ile Alhamisi ulikuwa unaniambia kweli."

"Kweli."

Tukakaa. Kimya hiki hakikuwa cha kufundishwa na mtu.

"Na mimi nikakusahihisha," akasema. "Nikakwambia mkono umeushika mapema."

Nilimpeleka dharura kwa basi. Alitaka niingie naye ndani. Nikamweleza kwa nini siwezi. Yule wa viatu, leseni, tarehe 28, yote. Kwa mara ya kwanza alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akasema hakuna taabu, atawaambia ameliona hilo jasho mwenyewe kwenye kioo akinyoa. "Nimedanganya kumbi zilizojaa watu, Daktari. Hawa wawili watatu watanishinda?"

Akaingia. Skafu aliirushia begani kabla ya mlango kujifunga.

Jumanne, 25 Machi

Walimlaza jana. Wodi yetu — ya vifua, angelazwa wapi kwingine.

Nimemsukuma mimi kwenda skani. Korido ndefu, gurudumu moja linapiga kelele. Tulipompita sista mkuu akapaza ile sauti yake iliyobaki: "Huyu dereva mmempima macho?" Sista mkuu akacheka. Mimi nikatazama mbele. Kwenye lifti tulikuwa wawili tu.

"Nani ataniambia majibu?"

"Yule daktari kijana."

"Mwenye sauti laini? Nilikuwa mgonjwa wake alipokuwa mwanafunzi." Akafumba macho. "Alipata alama zote. Atasema kila kitu sawasawa."

Nikashika chuma cha kitanda hadi milango ikafunguka.

Mchana nimeiona picha. Kompyuta iliachwa wazi. Mdogo wangu alisimama mlangoni, kanipa mgongo, anahesabu glavu zilizokwisha kuhesabiwa. Hakuniambia kitanda hakijisukumi.

Kipo. Palepale. Kikubwa kuliko nilivyotaka, na mbavu ya juu imeguswa.

Jumatano, 26 Machi

Mwenyekiti wa chama amepiga. Makala iko wapi? Nikamwambia nimeichana. Akauliza kwani nimewasamehe. Nikamwambia sijamsamehe mtu yeyote, nina hasira kuliko mwezi uliopita, ila sina tena uhakika ninawatukana kwa lipi. Akasema nilale, keshokutwa nina mtihani.

Keshokutwa.

Alhamisi, 27 Machi

Stoo ya mashuka. Nimekaa juu ya furushi. Daftari lilikuwa mfukoni mwa sare; sijui kwa nini nalitoa sasa, labda mikono inataka kazi.

Nusu saa iliyopita Kijana aliingia kwa Mzee, akavuta pazia. Nilikuwa kitanda cha jirani nafunga breki. Nikasikia kiti kinasogezwa. Kisha ile sauti: je, kuna mtu wako wa karibu ungependa awepo?

Mzee akacheka. Kicheko kifupi, kibaya.

"Usiendelee," akasema. "Ukishauliza hivyo najua kinachofuata. Najua na kinachofuata baada ya hicho."

"Nasikitika kwamba majibu si —"

"Mazuri kama tulivyotarajia. Sasa unanyamaza. Hapo mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza."

Kijana akanyamaza, na hakikuwa kimya cha mafunzo, nilimsikia anavyopumua. Nikamhurumia. Sikupanga. Amefanya kila kitu ipasavyo, na kila neno lake lililotengenezwa lisiumize limempiga mzee wa watu kama nyundo, kwa sababu yeye ndiye aliyelitengeneza.

"Umeniuliza kama nina mtu," Mzee akasema. "Ninaye. Yule wa kijivu hapo nje. Mwite."

Pazia likafunguka. Nikaingia. Kijana akaniuliza kama tunafahamiana. Nikasema ndiyo, mimi ni mtu wake. Hilo linaruhusiwa. Mtu wa karibu anaruhusiwa kukaa, kushika mkono, kulia hata. Naye Mzee akanitazama kwa lile jicho lililofumba nusu.

"Niambie wewe. Imefika wapi, wanaweza kufanya nini, nimebakiwa na nini. Niambie kwa ile njia yako mbaya. Hii nzuri imeshanichosha."

Sista mkuu alikuwa amesimama kwenye meza ya wauguzi. Anasikia vizuri yule mama.

Kijana hakumtazama Mzee. Alinitazama mimi. Akasema, taratibu, bila ishara za mikono safari hii: "Jumamosi aliandikisha kwamba jasho aliliona mwenyewe. Akinyoa."

Tukazitazama zile ndevu. Sote watatu, pamoja na mwenye nazo. Nyeupe, hadi kifuani, zimechanwa.

"Mtu husahau," akasema Mzee.

Nikasema naenda kuleta maji. Ndiyo maana nipo hapa.

Mdogo wangu amekuja sasa hivi na glasi, imekwisha jazwa. Hakuketi. "Dada, mtu akienda kuchukua maji akaitwa kwingine, nani atamlaumu? Kitanda namba sita kinangoja kwenda eksirei. Naweza kusema nimekutuma mimi."

"Na nisipokwenda huko?"

Akaniweka sawa kola ya sare, kama nilivyokuwa namwekea asubuhi za shule. "Kiti nimekuwekea," akasema. Akaondoka na sinia yake.

Mlango ameuacha wazi kidogo. Naliona pazia, na chini yake miguu ya viti viwili. Kimoja kina viatu vya Kijana. Kingine kimesogezwa karibu na kitanda, karibu mno, kwa namna ya kwetu, na ni kitupu.

Kitanda namba sita kinangoja.

Mzee anakohoa. Hiki si kile cha mpangilio.

Anaita. "Daktari." Wodi nzima inamsikia. Kijana yuko pale kando yake, na hajaitika.